Kikombe cha Semina

Kisima alikichimba Nikodemo kwa mikono yake, katika mchanga wa korongo linalopita chini ya kitongoji cha Chilangwe, upande wa Mlali. Mvua zikiisha korongo lile hukauka, ukalitazama ukadhani ni barabara nyeupe, lakini chini ya mchanga maji yamo, na anayejua pa kuchimba huyapata. Nikodemo alijua. Kila mwaka mafuriko yalikifukia kisima, naye kila mwaka alikifukua palepale, akakizungushia miiba, na kando ya miiba akalima vitunguu. Vitunguu hivyo ndivyo vilivyowalea binti yake Raheli na kaka mtu, Yotham. Nikodemo alipofariki hakuacha kingine: kisima, bustani, na mjane wake Debora, mama asiyekuwa na maneno mengi, ila akilisema moja utalibeba.

Chilangwe kisima kina mwenyewe, kiu haina mwenyewe. Mpita njia hanyimwi kata ya maji. Mifugo ndiyo mazungumzo. Na watu wakigombana juu ya maji kisha wakapatana, hawaandikiani. Mdogo humkingia mkubwa kata kwa mikono miwili, mkubwa hunywa, humrudishia, mdogo humaliza. Basi. Neno hilo halifunguliwi tena mpaka mvua ya kwanza ishushe korongo na kufuta visima vyote. Korongo likishashuka, mapatano nayo yamekwenda na maji. Anayeyataka atayanywa upya.

Zamani ng'ombe wa mzee Matonya hawakuwa na haja ya kuja korongoni. Walikunywa kwenye lambo la chama cha ushirika, wao na ng'ombe wa watu wote wa mbugani. Kisha ushirika ukafilisika, kama vyama vingi vilivyofilisika miaka ile, mali zake zikauzwa, ghala, mizani, mpaka meza za karani, na lambo likaenda pamoja na ardhi. Aliyelinunua hakuna aliyemwona. Kilichoonekana ni waya.

"Soko huria," alisema mwenyekiti wa kitongoji, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la ugonjwa.

Kiangazi kile ng'ombe wakaja korongoni. Walisimama nje ya miiba ya marehemu Nikodemo wakitazama ndani, na jioni moja miiba ikaanguka, vitunguu vikakanyagwa, Yotham akampasua kichwa mchungaji mmoja kwa mpini wa jembe. Mchungaji hakufa. Lakini watu wa mbugani walianza kutembea na mikuki, na Yotham naye akaanza kulala na panga.

Ndipo ikaja habari ya semina. Mradi mmoja wa maji uliokuwa na ofisi Dodoma mjini ulitaka watu kutoka vijiji vyenye ugomvi, wafundishwe usimamizi wa maji na namna ya kupatana. Kila upande utoe mmoja, na wakirudi wakae mbele ya wazee wamalize shauri. Watu wa mbugani walimtoa Matonya mwenyewe. Upande wa bustani ulitakiwa kutoa mwanamke, maana mradi ulisisitiza wanawake. Wakamtoa Raheli. Alikuwa na elimu ya darasa la saba tu, lakini hakuwa mtu wa kurukia majibu. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya akimtazama anayesema, mpaka msemaji akaanza kujisahihisha mwenyewe.

"Nenda," Debora alimwambia. "Urudi na kisima chetu."

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hosteli moja, upande wa Ipagala. Mwezeshaji aliitwa Bwana Ludovick, kijana aliyesoma nje, shati lake limepigwa pasi mpaka lina makali. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaamkia wazee vizuri, aliwaita washiriki wote wadau, na kila alipomaliza neno aliuliza, "Tuko pamoja?" na ukumbi ukaitikia, "Tuko pamoja," hata waliosinzia. Kila mshiriki alipewa kalamu, daftari, na kikombe cheupe cha plastiki kilichoandikwa Maji ni Uhai.

Raheli alisikiliza mambo mengi mle. Kwamba maji sasa yatakuwa na watumiaji wenye chama chao, wenye kanuni zao, na kila mtu atachangia. Kwamba ugomvi una mizizi, na anachodai mtu mdomoni sicho anachokihitaji rohoni. Hilo lilimwingia. Aliliona ni kweli, akashangaa kwamba kuna watu wanalipwa kulisema.

Siku ya mwisho Bwana Ludovick akasema, "Leo hakuna somo, leo ni igizo. Tutabadilishana vigoda. Kila mtu akae alipokaa mwenzake aone dunia ilivyo kutoka kule."

"Kigoda changu kipo nyumbani," alisema Matonya. "Na mke mdogo kakikalia, hakiachii."

Ukumbi ukacheka. Bwana Ludovick naye akacheka, akawaita wote wawili mbele. "Mzee wangu, wewe leo ndiye mwenye kisima. Na wewe dada Raheli ni mfugaji. Una ng'ombe mia, hawajanywa."

"Mia?" Matonya alimgeukia Raheli. "Umetajirika kuliko mimi, mwanangu. Mbukwa."

"Mbukwa, baba," Raheli aliitikia salamu ile ya Kigogo, na watu wakacheka tena.

Matonya akakaa. Akashika kiuno kwa mkono wa kushoto, akakunja uso, akaanza. "Haya, mfugaji. Makundi yote haya unayaleta kwangu, mchanga huu umeuchimba wewe? Mgongo wangu unauma tangu mafuriko yaishe. Ungekuwa unauzwa, ningekuuzia wewe mgongo, nibaki na maji yangu."

Raheli alishtuka. Ile ilikuwa sauti ya baba yake. Maneno yale yale ya mgongo kuuzwa, na mkono ule ule kiunoni. Alikuwa amesahau kwamba Matonya na marehemu walijuana tangu ujana, kabla ya waya, wakati bado wakipelekeana maziwa na vitunguu. Akamtazama kimya kwa muda, Bwana Ludovick akadhani amekwama, akamwashiria aendelee.

"Baba," alisema Raheli, "sikuja kukunyang'anya."

Kisha akasema. Alisema kama mtu aliyeyaweka maneno kwa muda mrefu bila kujua. Maana miezi yote ile, akiwa ndani ya miiba amechutama kwenye mistari ya vitunguu, alikuwa akiwaona ng'ombe waliosimama nje, akainamisha uso asitazamane nao. Lakini mtu mwenye macho huona hata akiinama.

"Ng'ombe mwenye kiu hulia siku ya kwanza. Siku ya pili halii. Ndama analamba mawe, baba. Analamba mkono wangu, ananiona mimi ndiye mama yake na sina kitu. Usiku zizi liko kimya, na kimya kile siwezi kukilalia. Lambo letu tunaliona kwa macho, ndege wanaoga, sisi tuna waya. Nikivunja miiba yako mimi mwizi. Nikirudi nao hivi hivi, watoto wangu wananitazama nina ubaba gani. Kaa wewe hapa niliposimama. Ungefanya nini?"

Hakuna aliyecheka. Makarani wawili wa mradi waliokuwa wakinong'ona nyuma walinyamaza. Raheli hakuwahi kusikilizwa hivyo tangu azaliwe, na joto lilimpanda usoni.

Matonya akasema taratibu, "Alfajiri ni yako. Leta ng'ombe alfajiri, wanywe mpaka jua lipite juu ya mlima. Yatakayobaki ni ya bustani. Na miiba usivunje. Fungua, pita, funga."

Sasa, kisima cha mchangani hukusanya maji yake usiku. Alfajiri yanafika kiunoni. Kundi likishakunywa, hadi jioni unachota tope. Kumpa mtu alfajiri ni kumpa kisima. Raheli alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ukumbini. Lakini alikuwa mfugaji, na mfugaji alikuwa ameshinda.

"Mfugaji umekubali?" aliuliza Bwana Ludovick.

"Nimekubali," alisema Raheli, akitabasamu.

Ukumbi ukapiga makofi. Na katikati ya makofi Matonya akanyoosha mkono, bila neno, kama mtu anavyonyoosha mkono nyumbani kwake. Mezani palikuwa na jagi. Raheli akachukua kikombe chake kipya, akakijaza, akamkingia kwa mikono miwili. Mzee akanywa, akamrudishia. Raheli akamalizia. Mikono yake ilifanya yenyewe, kama inavyokunja khanga.

"Safi sana!" alisema Bwana Ludovick, kamera mkononi. "Rudieni hiyo, sikuwahi."

Wakarudia. Wakanywa mara ya pili, taa ya kamera ikawapiga usoni.

Walirudi kwa gari la mradi. Njia nzima Matonya hakufanya utani hata mmoja, na Raheli, aliyezoea kuona vidogo vyote, hakukiona kikubwa kile. Walipoagana njia panda mzee alimshika bega. "Baba yako angefurahi," alisema. Raheli akadhani anasifia alivyosema.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, Debora alitoka na ndoo akakuta miiba imefunguliwa. Haikuvunjwa. Kila tawi lilikuwa limewekwa kando kwa utaratibu, na wachungaji walikuwa wakiteka maji wakimimina kwenye hori la udongo, ng'ombe wanakunywa kwa zamu, tena kwa adabu, hakuna aliyegusa kitunguu.

"Nani kawaruhusu?" Debora aliuliza.

"Shikamoo mama," alijibu mchungaji mmoja, aliyekuwa na kovu jipya kichwani. "Binti yako."

Walipomaliza walifunga miiba vizuri kuliko walivyoikuta. Ndani ya kisima palikuwa na tope.

Yotham alishika panga. Raheli akasimama mlangoni, mikono kwenye fremu zote mbili, hakumpisha. "Ukienda na hilo," alimwambia, "kosa litakuwa letu. Sasa hivi halijawa la mtu." Debora alikaa kwenye kinu akimtazama bintiye.

Wazee wakakaa siku hiyo hiyo, katika darasa la shule, wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Raheli alieleza. Kwamba ilikuwa semina. Kwamba mwalimu aliwapanga, mimi niwe yeye, yeye awe mimi. Kwamba aliyetoa kisima si mwenye kisima, na aliyekipokea ndiye mwenyewe.

"Maneno yale nani alikufundisha?" aliuliza Matonya. Hakuwa na hasira. "Ya ndama anayelamba mawe. Mwalimu alikufundisha?"

"Hapana, baba."

"Mimi ng'ombe zangu sijawahi kuzisemea hivyo. Umezisemea wewe. Nikasema, huyu ni mtoto wa Nikodemo, ameona. Anataka kutoa, anaona haya mbele ya kaka yake, amepata mahali pa kutolea. Nikakaa kwenye kigoda cha baba yako nikasema ambalo angelisema. Nimekosea wapi?"

"Lilikuwa igizo, baba."

Mzee mmoja wa upande wa bustani, mtu ambaye kwa haki alipaswa kumtetea, akainua kichwa. "Ulimkingia kikombe?"

"Nilimkingia."

"Akanywa, ukanywa?"

"Nilikunywa."

"Maji nayo yalikuwa ya kuigiza?"

Raheli aliona mlango wa uongo uko wazi mbele yake, mpana, na mama yake amekaa nyuma akimngoja apite. Hakupita.

"Yalikuwa maji," alisema.

Mwenyekiti alimhurumia. Akasema kama yule mwalimu wa Dodoma atakuja kusema kwa kinywa chake kwamba kikombe kile kilikuwa mchezo wake, si chao, basi wazee watasikiliza. Mwenye ngoma ndiye ajuaye mapigo. Matonya akakubali.

Raheli akaenda. Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga huko Nkuhungu, na Bwana Ludovick alimpokea kwa mikono miwili, akamwagizia soda, akamshika mkono kumpeleka ukutani. Hapo palikuwa na picha, kubwa kama dirisha: Matonya ameinamia kikombe, Raheli amekikinga, Maji ni Uhai.

"Kila mgeni anaanzia hapa," alisema. "Eeh, habari za Chilangwe?"

Raheli alimweleza. Bwana Ludovick alisikiliza, akaandika kidogo, akavua miwani.

"Lakini hawapigani tena?"

"Hawapigani."

"Mikuki?"

"Wameiacha."

"Na miiba wanafungua na kufunga, kama walivyokubaliana."

"Hatukukubaliana, kaka. Ulitupanga."

"Dada Raheli, sikiliza." Alisema kwa upole kabisa. "Mafunzo kama haya mtu unafanya mwaka mzima, watu wanachukua posho wanaondoka, hakuna kinachobadilika. Ninyi mmebadilika. Sasa mimi nije niwaambie wazee kwamba ilikuwa mchezo? Niliandika kwenye ripoti kuwa ni mapatano. Na ni mapatano. Yamewauma upande mmoja, nakubali. Mapatano yote huuma."

"Yamenikata mimi."

"Basi mjadili tena. Una uwezo huo, nimeuona kwa macho yangu. Wewe ndiye mshiriki bora niliyepata kufundisha."

Akamsindikiza hadi barabarani. Soda Raheli aliiacha mezani, haijafunguliwa.

Vitunguu vilikufa kwa mistari, wa kwanza ukiwa ule wa mbali na kisima. Debora na Raheli walijaribu kuviokoa kwa maji ya pampu ya Mlali, ndoo kichwani, lakini bustani hainyweshwi kwa kichwa. Yotham aliondoka kwenda machimboni Mererani. "Nibaki nichote tope?" alisema, akamuaga mama yake, dada yake hakumuaga. Na Debora, mama asiye na maneno mengi, alipata neno lake moja akalisema jioni moja wakichambua maharage.

"Kinywa kizuri hivyo," alisema, "hukukikumbuka upande wetu."

Raheli alilibeba.

Mwisho wa mwaka mvua ya kwanza ikapiga. Korongo lilishuka kwa kishindo, likazoa miiba, hori, magogo, likafuta kila kisima, na mapatano yakaenda nalo. Mvua ikasimama hapo hapo. Jua likarudi likakaa, siku baada ya siku, madimbwi yakakauka. Raheli na mama yake wakaingia mchangani na jembe, palepale pa Nikodemo, wakachimba mpaka maji yakaonekana. Wakakata miiba mipya. Wachungaji wa Matonya walikuja wakasimama mbali wakitazama, kisha wakaondoka na ng'ombe wao. Hawakugusa. Neno lilikuwa limekwisha, na jipya halijanywewa.

Katika jua lile ndipo wageni wakaja. Magari mawili, Bwana Ludovick mbele, wafadhili watatu wenye kofia pana, na mwenyekiti amevaa koti. Walitaka kuona kisima cha kwenye picha. Wazee wa pande zote mbili waliitwa, Matonya akaja na fimbo yake, amekonda.

Bwana Ludovick alieleza kwa lugha ya wageni, muda mrefu, akionyesha miiba. Kisha akamgeukia Raheli. "Dada, ile ya kikombe. Wageni wanaiomba. Kwa ajili ya picha tu."

Wazee wote walinyamaza. Bwana Ludovick hakujua kwa nini. Matonya alijua. Alimtazama Raheli kama mtu anayesimama mlangoni pa watu bila kubisha hodi, na nyuma yake, ng'ambo ya korongo, ng'ombe zake walikuwa wamesimama bila kulia.

Debora akaweka jembe chini.

"Nakileta," alisema Raheli.

Alikwenda nyumbani akakichukua kikombe cheupe, akarudi, akashuka kisimani mpaka kichwa chake kikapotea. Alikaa kule kidogo. Alipotoka alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama kitu kilichojaa. Akaenda mbele ya Matonya, akapiga goti, akamkingia.

Mzee akakipokea. Akakiinua mdomoni. Macho yake yalisimama. Koo lake likapanda likashuka, kavu, na kamera zikalia. Akamrudishia. Raheli akakiinua naye, akarudisha kichwa nyuma mpaka mwisho, akameza hewa.

Wageni wakapiga makofi. "Rudieni moja," alisema Bwana Ludovick.

Wakarudia. Mzee alipoinama mara ya pili, uso wake karibu na wa Raheli, alisema kwa sauti ya wao wawili, "Kitupu."

"Ni igizo, baba."

Matonya alitikisa kichwa taratibu. "Semina imekuingia, mwanangu," alisema, akamrudishia kikombe, akaokota fimbo yake.

Magari yakaondoka na vumbi lao. Wazee wakatawanyika. Debora, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, alimwita bintiye kwa jina, akamwambia aje wafunge miiba kabla jua halijachwa. Raheli akaenda. Ng'ambo ya korongo ndama mmoja alikuwa ametoka kundini akasogea hadi kwenye mwamba ulio karibu na miiba, akaanza kulamba jiwe. Ulimi ulikuwa mkavu, ulisikika.

Raheli alichukua tawi la mwisho, akaziba.